NDONDI HUANZIA KICHWANI

Waswahili husema mwenye nguvu mpishe. Methali hii ni ya kweli mahali pengi, kwa mfano pale stejini Lodwar gari la Kakuma linapobakisha kiti kimoja tu. Lakini ulingoni mambo ni tofauti. Ulingoni huwezi kumpisha mwenzako, kamba ziko pande zote nne, na mara nyingi yule mwenye misuli kama mawe ndiye anayeokotwa chini. Basi ndugu msomaji, katika makala hii nataka kueleza kile kitu ambacho humwezesha bondia mwembamba kumshinda aliyejaa misuli, yaani nguvu za akili. Aidha nitaeleza upande wake wa pili ambao watu hawapendi kuusema, kwa sababu hapa kwetu vijana wengi wameanza ndondi, na wengine hata glavu za kutosha hawana.

Jioni za wikendi, jua likishapunguza ukali, utawaona wamejaza gunia mchanga wa laga na kulitundika kwenye tawi la ewoi. Wanalipiga mpaka linapasuka. Ukiwaangalia utadhani wote ni akina Muhammad Ali. Halafu wawili wanavishwa glavu wapigane wao kwa wao, na yule yule aliyekuwa akilitoa gunia vumbi sasa anafumba macho na kurusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nini kimempata? Mikono ni ile ile na mwalimu ni yule yule. Tofauti ni moja tu, gunia halirudishi ngumi.

Wakati mtu anapoona hatari, mwili hutoa kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hudunda mbio, pumzi hufupika, mdomo hukauka, damu hukimbilia misuli mikubwa, na macho huona mbele tu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kwa mchungaji aliyekutana na fisi huu ni msaada mkubwa, maana anahitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, apigane au akimbie, basi. Lakini ndondi za ridhaa huwa raundi tatu za dakika tatu tatu, na katikati mapumziko ya dakika moja. Zile za kulipwa zinaweza kufika raundi 12. Bondia mgeni anatumia adrenalini yote katika dakika ya kwanza. Anakaza mabega, anabana pumzi bila kujua, na raundi ya pili ikianza mikono yake ni mizito kama ya mtu aliyebeba mitungi miwili ya maji kutoka mto Turkwel mpaka nyumbani. Watu watasema hana stamina. Ukweli ni kwamba mapafu yake hayana neno. Kichwa ndicho kilichomaliza petroli.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ambacho kocha mzuri hufundisha si ngumi. Hufundisha kupumua. Ukisikiliza mabondia wakifanya mazoezi utasikia wakitoa sauti ya "tsh! tsh!" kila wanaporusha ngumi. Hiyo si madaha. Wanalazimisha pumzi itoke ili misuli isikakamae. Halafu hufundisha kutazama. Binadamu akiona kitu kinakuja usoni hufumba macho, ndivyo alivyoumbwa, na bondia lazima arudie zoezi mara mamia mpaka macho yakubali kubaki wazi. Hapo ndipo mtu anapoanza kuwa na nguvu za akili. Si kitu cha kuzaliwa nacho wala cha kununua kwa mganga.

Wengi wetu tunadhani bondia shupavu ni yule asiyeogopa. La hasha! Cus D'Amato, kocha Mmarekani aliyewalea Floyd Patterson na Mike Tyson, alikuwa akiwafundisha vijana wake kwamba woga ni kama moto, ukiutawala utakupikia, ukikutawala utakuunguza. Sisi ambao mababu zetu walijenga nyumba za makuti ya mkoma tunamwelewa vizuri sana. Hakuna mtu anayekataa kuwasha moto ati kwa sababu nyumba ni ya makuti. Anauwasha, lakini haondoi jicho. Wahenga nao walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi naona methali hiyo haimsifu mwoga tu, inatuonya pia kuhusu shujaa. Nitairudia mbele.

Kama woga ni moto, basi hasira ni petroli. Huyo Tyson aliyefundishwa na D'Amato alimpoteza mwalimu wake mwaka wa 1985, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa uzani wa juu akiwa na miaka 20. Dunia nzima ilimwogopa. Lakini tarehe 28 Juni 1997, akirudiana na Evander Holyfield kule Las Vegas, alikasirika kwa sababu vichwa vyao vilikuwa vikigongana na yeye akapasuka juu ya jicho. Katika raundi ya tatu akamng'ata Holyfield sikio, kipande kikatoka. Akaondolewa katika pambano. Fikiria, mtu mwenye ngumi zile, akashindwa na meno yake mwenyewe! Hasira hasara.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Pambano ambalo naona linaeleza jambo hili kuliko yote halikupiganwa Marekani bali hapa Afrika, mjini Kinshasa, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire na leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, umri ambao bondia huanza kuitwa mzee. George Foreman alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia, na alikuwa hajawahi kushindwa. Joe Frazier, ambaye alikuwa amemshinda Ali mwaka wa 1971, Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili tu. Ken Norton, ambaye alikuwa amemvunja Ali taya, naye alimalizwa na Foreman katika raundi mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeipiga. Baadhi ya marafiki wa Ali waliogopa kwamba atauawa.

Pambano lilitangazwa kuwa la mwezi wa Septemba, lakini Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini na likaahirishwa kwa wiki kadhaa. Angalia walivyotumia muda huo. Ali alizunguka kati ya watu, akawasalimu, akataniana na watoto, mpaka wananchi wakawa wakiimba kwa Kilingala "Ali boma ye", maana yake Ali muue. (Si wimbo mzuri wa kuimba shuleni, lakini ndivyo walivyoimba.) Foreman alijifungia na watu wake na mbwa wake mkubwa, na mbwa wa aina ile aliwakumbusha Wakongo polisi wa Kibelgiji wa enzi za ukoloni. Kwa hivyo kabla ya kengele kulia, mmoja alikuwa na uwanja mzima nyuma yake na mwingine alikuwa mgeni.

Walipigana alfajiri, ili watu wa Marekani watazame usiku wao. Raundi ya kwanza Ali alishambulia. Akagundua kwamba hata akimpiga, Foreman haendi popote, na kwamba akiendelea kukimbia kuzunguka ulingo atachoka kabla ya mwenzake. Hapo ndipo wengi wetu tungetafuta mlango. Kuanzia raundi ya pili Ali alifanya jambo ambalo hata watu wa kona yake walilipigia kelele. Aliegemea kamba, akafunika uso kwa glavu, akamwacha Foreman apige. Ngumi zilimwangukia mikononi na mbavuni kama mvua ya mawe. Naye, jamani, alikuwa akiongea! Alimnong'onezea Foreman kwamba ngumi zake hazina nguvu. Foreman akazidi kukasirika, akazidi kupiga. Hakuwa amezoea raundi nyingi kwa sababu wapinzani wake walikuwa wakianguka mapema. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za Foreman ziliishia raundi ya nane. Ali alitoka kwenye kamba, akamrushia ngumi mfululizo, na yule mtu mkubwa akazunguka na kuanguka. Refa akahesabu mpaka kumi.

Watu husema Ali alishinda kwa ujanja. Sawa, lakini ujanja huo ungefikiriwa na nani huku anapigwa? Kuwa na mpango mzuri ukiwa umelala kitandani ni rahisi, sote tuna mipango. Kazi ni kuubadilisha mpango dakika ile ile mbavu zinauma na watu wako wenyewe wanakupigia kelele. Kwa maoni yangu huo ndio ufafanuzi wa nguvu za akili katika ndondi, yaani akili ibaki kazini wakati mwili unataka kukimbia au kulipiza kisasi.

Sisi Wakenya pia tumewahi kuwa na vichwa vya namna hiyo. Philip Waruinge, kijana aliyekulia kwenye ndondi za Nakuru, alikwenda Olimpiki za Mexico mwaka wa 1968 katika uzani wa kilo 57. Kwenye nusu fainali akakutana na Antonio Roldán, mwenyeji, mbele ya mashabiki wake. Waamuzi watatu wakampa Mmeksiko, wawili wakampa Mkenya. Waruinge akabaki na shaba. Kisha wakuu wa mchezo wakampa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi bora zaidi katika Olimpiki nzima! Mwingine angeweza kurudi nyumbani akalia kwamba ameibiwa na kutundika glavu. Yeye alirudi mazoezini miaka minne, akaenda Munich mwaka wa 1972, akafika fainali, na akapata fedha. Hata huko alishindwa kwa kura tatu kwa mbili na Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Waruinge alikubali mara mbili bila kuvunjika.

Kuna uvumilivu mwingine unaotoka nje ya ulingo kabisa, na huu watu wa Kakuma wanaujua. Mwaka wa 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ilipokwenda Rio de Janeiro ikiwa na wanamichezo 10, watano kati yao walikuwa wakimbiaji wazaliwa wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Hawakupata medali, wala timu hiyo haikupata Tokyo. Medali ya kwanza ya timu ya wakimbizi ilikuja Paris mwaka wa 2024, na ilikuja kwa ndondi. Mwenyewe ni Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun aliyehamia Uingereza akiwa mtoto. Aliwahi kukamatwa na kuwekwa kizuizini kwa sababu ya karatasi za kuishi huko, bila kujua kama atarudishwa. Katika uzani wa kilo 75 alipigana mpaka nusu fainali na kupata shaba. Mtu aliyewahi kulala bila kujua kesho atakuwa nchi gani, ukimwambia raundi ya tatu ni ngumu, sijui atakujibu nini. Ningependa sana wenzetu wa Kakuma wanaocheza ndondi wapewe habari zake, maana hapo nyuma tulizoea kusikia habari za mbio tu.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema, basi dawa ni kuvumilia, kaza roho, usirudi nyuma. Hapo ndipo vijana wetu wanapopotea, na ndiyo sababu hasa niliyoandikia makala hii.

Robert Wangila alikuwa shujaa wa Kenya. Katika Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988, uzani wa kilo 67, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kupata dhahabu. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Baadaye akaenda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Mwezi wa Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa aliona Wangila anapigwa sana, akasimamisha pambano. Wangila alilalamika. Alitaka kuendelea. Alishuka ulingoni kwa miguu yake, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, na huko akazimia. Tarehe 24 Julai alifariki dunia.

Nilipolisoma jambo hili nilishangaa sana, kwa sababu mtu yule hakukosa moyo hata kidogo. Moyo alikuwa nao mpaka ukazidi. Ubongo ukigongwa unaweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu, na mwenyewe akawa bado anatembea na kuzungumza, hata anabishana. Yaani kile chombo anachotumia kuamua kama ameumia ndicho kilichoumia. Hawezi kujiamulia. Hapo ndipo kwa shujaa huenda kilio, kama nilivyosema nitairudia.

Linganisha na Joe Frazier, yule yule aliyeangushwa na Foreman mara sita. Tarehe 1 Oktoba 1975 alipigana na Ali karibu na Manila nchini Ufilipino, katika joto ambalo sisi wa Lodwar tungeliona la kawaida lakini wao liliwamaliza. Walichapana raundi 14. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, haoni ngumi zinazomjia. Ilibaki raundi moja tu, dakika tatu. Kocha wake, Eddie Futch, akasema imetosha. Frazier alikataa, akataka kuinuka, na Futch akamkatalia. Wakashindwa. Frazier aliishi miaka mingine 36 baada ya siku ile. Mimi kwangu mtu mwenye akili ngumu zaidi Manila hakuvaa glavu, alikuwa ameshika taulo.

Tulipozungumza jambo hili katika chama chetu, wavulana wengi walisema Futch alimnyima Frazier ushindi, kwa kuwa hata Ali alikuwa hoi. Inawezekana. Msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Na kama angekuwa ndugu yako wa tumbo moja?" Wakanyamaza, ingawa mmoja alinung'unika kwamba wasichana hawajui ndondi. Huyo hajasikia habari za Conjestina Achieng.

Conjestina, aliyetoka Siaya, alikuwa bondia mwanamke maarufu kuliko wote nchini miaka ya 2000, na miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa. Baadaye aliugua maradhi ya akili na amelazwa hospitalini zaidi ya mara moja. Nimesikia watu wazima wakicheka habari zake, ati kumbe kichwa chake kilikuwa dhaifu. Hilo ni kosa la lugha na pia ni ukatili. Nguvu za akili za ulingoni ni ujuzi, kama kuogelea. Maradhi ya akili ni maradhi, kama malaria, na humpata hata anayejua kuogelea sana. Bondia anayeambiwa kila siku kwamba mwanamume halisi halalamiki, au mwanamke shupavu halii, atakwenda kumwambia nani akianza kukosa usingizi?

Sasa narudi chini ya ewoi. Mapambano ya pale hayana daktari, na refa ni mwenzetu wa darasani ambaye naye anataka burudani isikatike. Mtu akipigwa akayumba, watazamaji wanapiga kelele, "Simama, wewe ni Mturkana!" kama kwamba fuvu la Mturkana limetengenezwa kwa chuma. Napendekeza hivi. Kabla ya glavu kuvaliwa, kila bondia achague mtu mmoja wa kona, ndugu au rafiki asiyependa sifa, na akiwa bado na akili timamu amwambie mbele ya watu wote, "Ukisema imetosha, sitabisha." Mtu huyo apewe kitambaa cheupe. Akikirusha, mchezo umekwisha, hata kama imebaki nusu dakika. Baada ya hapo akae na mwenzake mpaka usiku, asimwache alale peke yake. Akiona anatapika, anasinzia ovyo, analalamika kichwa kinazidi kuuma, anaona vitu viwili viwili au anauliza swali lile lile mara tatu, asingoje asubuhi. Apande naye pikipiki ya kwanza mpaka hospitalini, na aliyeumia akae katikati, ashikwe.